Figo Itamfaa Nani, na Nani Ataitwa Kwanza?

Figo ya kwanza kupandikizwa nchini Uganda ilipandikizwa Hospitali ya Mulago, Kampala, Desemba 2023, mwaka uleule nchi ilipopata sheria yake ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo. Kabla ya hapo, aliyetaka figo mpya alilazimika kusafiri nje, wengi wakienda India, na familia zikauza mashamba kwa safari hiyo. Sasa barua zinazofika kwenye ukurasa huu zimebadilika. Wasomaji wanataka kujua kwa nini dada anafaa na mume hafai, na foleni itapangwa na nani. Tumejibu zile zinazogusa watu wengi. Majina tumeyaacha.

*Nina miaka 43, nimezaa watoto watano, na nasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mume wangu amejitolea kunipa figo. Sote ni kundi O, tukafurahi. Lakini maabara imesema krosimachi ni chanya, hawezi kunipa. Chanya si habari njema? Na watu wa kundi moja wanakataanaje?* (Mama wa watano, Mbale)

Pole sana, Mama. Katika kipimo hiki chanya ni habari mbaya. Krosimachi ni kukutanisha seramu yako, yaani maji ya damu, na chembe nyeupe za mtoaji. Kingamwili zako zikizishika chembe zake na kuziua, jibu ni chanya, na figo yake nayo ingeshambuliwa vivyo hivyo mwilini mwako. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walichapisha hesabu ambayo maabara za tishu zinaikumbuka hadi leo: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa ilhali krosimachi ni chanya, figo 24 zilishindwa papo hapo. Kati ya 195 waliokuwa hasi, zilishindwa 8. Upasuaji huo ungeweza kumwacha mumeo na figo moja na wewe ukarudi kwenye mashine.

Kundi la damu ni kipimo cha kwanza tu. O hupokea kwa O peke yake, A kwa A na O, B kwa B na O, AB kwa wote. Ile alama ya jumlisha au kutoa inayoandikwa baada ya kundi haina kazi kwenye figo. Baada ya kundi huja alama za tishu, zinazoitwa HLA, ambazo ziko juu ya chembe zako karibu zote, na ambazo kinga hutumia kutambua kilicho chako na cha mgeni. Mwisho ni kingamwili: je, kinga yako imeshajifunza kupiga alama za mtu huyu?

Yako imejifunza kwa watoto wako. Kila mtoto uliyembeba alikuwa na nusu ya alama za baba yake. Wakati wa mimba, na zaidi wakati wa kujifungua, chembe chache za mtoto huvuka zikaingia kwenye damu ya mama, na kinga ya mama ikazikariri. Si kila mama hupata kingamwili hizi, lakini kadiri mimba zinavyoongezeka, pamoja na zilizoharibika, ndivyo uwezekano unavyopanda. Hakuna ugomvi wa ndoa hapo, wala mkono wa mtu. Ndiyo sababu mke kumpa mumewe figo mara nyingi ni rahisi kuliko mume kumpa mke aliyemzalia.

Usikate tamaa bado. Omba maabara ikuambie kingamwili zako zinalenga alama zipi na zina nguvu gani. Kipimo cha shanga, ambacho kila shanga imepakwa alama moja tu ya HLA, kinaweza kuzitaja moja moja. Baada ya hapo fikiria hivi: mume wako ana nusu mbili za alama, na kila mtoto alirithi nusu moja tu. Ikiwa kingamwili zako zinapiga alama za nusu moja, mtoto wako mtu mzima aliyerithi ile nyingine anaweza kufaa kabisa. Kaka na dada zako nao hawana alama za mume wako, isipokuwa kwa bahati, kwa hiyo waanze kupimwa.

Ziko dawa za kupunguza kingamwili, pamoja na mashine ya kuchuja maji ya damu. Gharama yake ni kubwa, zinaacha mwili wazi kwa maambukizi, na kingamwili zinaweza kurudi baada ya upasuaji. Ushauri wetu ni kutafuta mtoaji mwingine kwanza.

*Kama mume hafai kwa mkewe na jirani hafai kwa kaka yake, hawawezi kubadilishana?* (Msomaji, Mukono)

Wanaweza kitabibu, na nchi nyingi hufanya hivyo. Mabadilishano ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika Korea Kusini mwaka 1991. Mume wa familia ya kwanza anampa mgonjwa wa familia ya pili, na mtoaji wa familia ya pili anampa mke wa kwanza. Upasuaji wote hupangwa kuanza kwa wakati mmoja, ili mtu asije akapokea kisha ndugu yake akabadili mawazo. Yule mume wa Mbale, kwa kuwa ni kundi O, angekuwa mtoaji anayetafutwa sana katika mpango kama huo, kwa sababu figo ya O huingia kwa kundi lolote. Waliokwama zaidi ni wagonjwa wa O ambao ndugu zao ni A au B. Kwa hapa nyumbani, anzeni kwa kuuliza hospitali yenye kibali cha kupandikiza, na msipange wenyewe kwa wenyewe.

*Baba yetu alikuwa na wake wawili. Tumezaliwa wanne kwa mama mmoja na watatu kwa mama mdogo. Kaka yetu anahitaji figo. Tupimwe sote saba mara moja?* (Jinja)

Hapana, mtamaliza pesa. Kila mtu hurithi nusu moja ya alama kwa baba na nusu moja kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba na mama mmoja na mgonjwa ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu, nafasi 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Ninyi watatu mliobaki wa mama mmoja mna uwezekano wa karibu asilimia 58 kwamba angalau mmoja wenu analingana naye kikamilifu. Ndugu wa mama mdogo hupata nusu ya baba au hawapati kitu. Kulingana kikamilifu kwao ni bahati isiyotegemewa.

Anzeni na vipimo vya bei nafuu ambavyo hata hospitali ya wilaya inavyo: kundi la damu, shinikizo la damu, sukari, protini kwenye mkojo, virusi vya homa ya ini B na C, na VVU. Hapo wengine watachujwa bila kugusa maabara ya tishu, na mwenye shinikizo atagundua ugonjwa wake mapema, jambo ambalo peke yake lina faida. Wanaobaki, wawili au watatu, wafanye krosimachi na upimaji wa HLA. Picha ya mishipa ya figo kwa mashine ya CT iwe ya mwisho, kwa mtu mmoja tu aliyechaguliwa.

Jambo linalosahaulika kwenye kikao cha ukoo: asiyetaka aachwe aseme hapana mbele ya daktari peke yake. Daktari mwenye busara atawaambia ndugu kwamba mtu huyo hafai, bila kueleza zaidi.

*Mwanangu wa miaka 24 figo zake zimekufa. Nataka kumpa yangu, lakini shemeji ananionya kwamba vipimo hivyo hufichua kama mtoto si wa damu yako. Ni kweli? Naogopa kuvunja nyumba.* (Mzee, Masaka)

Ni kweli, Mzee, na tangu mabishano ya vipimo vya DNA yalipovuma nchini mwaka 2023 wazazi wengi wana hofu hiyo. Mzazi na mtoto wa kumzaa lazima washiriki nusu moja ya HLA. Nusu hiyo isipoonekana, jambo la kwanza ni kuchukua damu upya, kwa sababu chupa mbili zilizobadilishwa majina hutoa picha ileile.

Kabla ya kuchomwa sindano, kaa na mratibu wa upandikizaji mkubaliane kwa maandishi: mambo ya ukoo yakijitokeza, unataka kuambiwa au hutaki? Kazi ya maabara ya tishu ni kusema figo itapokewa au la. Ripoti inapaswa kwenda kwa daktari, isipite mikononi mwa jamaa. Na hata ile nusu ikikosekana, bado unaweza kumpa, kama mke anavyompa mume asiye na damu naye: kundi likikubali, krosimachi ikiwa hasi, na afya yako ikiruhusu. Kijana uliyemlea miaka 24 haondolewi kwako na karatasi hiyo.

*Naishi Gulu. Damu yangu hushuka kila mara, naongezewa chupa moja karibu kila mwezi. Muuguzi mmoja alisema naharibu nafasi yangu ya kupata figo.* (Kijana wa miaka 29)

Amesema jambo la maana, ingawa kosa si lako. Chembe nyeupe zilizomo kwenye damu ya kuongezewa huja na HLA za wageni, na kinga hujifunza kama inavyojifunza kwa mimba. Mwulize daktari kuhusu sindano za erithropoetini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, na madini ya chuma ya mshipani, maana kwa mgonjwa wa figo damu hushuka hasa kwa kukosa homoni hiyo. Ikibidi uongezewe, omba damu iliyochujwa chembe nyeupe, kama ipo. Andika tarehe ya kila chupa, na upimwe kingamwili upya wiki 2 hadi 4 baadaye, kwa sababu krosimachi hasi ya kabla ya kuongezewa haiaminiki tena. Lakini ukiwa unatoka damu au unashindwa kupumua, ongezewa. Usikatae damu ya kuokoa maisha kwa ajili ya figo ya kesho.

*Kuna mtu kwenye WhatsApp anasema amepata figo inayolingana nami asilimia mia, nitume nusu ya pesa.* (Entebbe)

Amelinganishaje bila damu yako? Hakuna krosimachi isiyo na seramu ya mgonjwa. Sheria ya 2023 inakataza kununua na kuuza viungo, na aliyelipa naye yumo hatarini. Usitume hata shilingi moja.

*Mimi ni fundi wa maabara Arua. Tulituma damu ya mgonjwa na mtoaji Kampala kwa basi la usiku, kwenye barafu, kama tunavyotuma sampuli nyingine. Ikarudi ripoti: chembe hazikuwa hai, rudieni. Tulikosea wapi?* (Fundi, Arua)

Mlikosea kwenye barafu. Ukiangalia kipimo kinavyofanyika utaona sababu.

Sahani ya krosimachi ni ya plastiki, ya kutosha kwenye kiganja, yenye visima 60 au 72. Kila kisima hutiwa tone la mafuta ili maji yasikauke, kisha mikrolita 1 ya seramu ya mgonjwa na mikrolita 1 ya chembe nyeupe za mtoaji, kama chembe 2,000 hivi. Hukaa nusu saa kwenye joto la chumba. Huongezwa mikrolita 5 za komplimenti ya sungura, yaani protini za kinga kutoka damu yake, ambayo ndiyo hutoboa chembe zilizokwisha kushikwa na kingamwili. Baada ya saa moja hutiwa rangi. Chembe iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai hubaki inang'aa, na msomaji huhesabu kwa hadubini: alama 1 kwa vifo visivyozidi asilimia 10, 2 hadi asilimia 20, 4 hadi 50, 6 hadi 80, na 8 kwa zaidi ya hapo.

Kipimo kizima basi kinategemea chembe ziwe hai zinapofika. Zikifika nusu zimekufa, hata kisima chenye seramu isiyo na kingamwili kitaonyesha vifo, na hakuna anayeweza kusoma sahani hiyo. Baridi ya barafu huchanganya aina za chembe wakati wa kuzitenganisha na kuzidhoofisha. Joto la buti la basi lililo karibu na injini ni baya vilevile.

Safari ijayo fanyeni hivi. Damu ya mtoaji, mililita 20 hadi 30, iwe kwenye chupa zenye dawa ya kuzuia damu kuganda: za heparini zenye kifuniko cha kijani, au za ACD zenye kifuniko cha njano. Ulizeni maabara inataka zipi. Ikae kwenye nyuzi 18 hadi 25, ndani ya kasha la sponji lisilo na barafu, mikononi mwa mtu, na ifike ndani ya saa 24. Ikizidi saa 48 msisumbuke kuituma. Seramu ya mgonjwa itoke kwenye chupa ya kifuniko chekundu, mililita 10, ichukuliwe kabla hajaunganishwa kwenye mashine, kwa sababu heparini ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu, huizuia damu kuganda vizuri na seramu huja na nyuzinyuzi. Damu ya kupima HLA kwa DNA ni kinyume cha zote hizo: chupa ya zambarau ya EDTA, mililita 5, na hii friji haiidhuru. Msiitie kwenye heparini, maana heparini huzuia kipimo cha DNA kufanya kazi.

Kwenye kila chupa andikeni majina yote, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchomwa. Kwenye fomu andikeni mimba ngapi, damu mara ngapi na lini, na kama mgonjwa amepewa rituksimabu, kwa kuwa dawa hiyo, inayolenga chembe B ambazo ni aina ya chembe nyeupe, hufanya krosimachi ya chembe hizo ionekane chanya bila sababu.

Kwa wenzako wa maabara kubwa tuna neno moja. Komplimenti hukaa kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, na umeme ukikatika ikayeyuka na kuganda tena hupoteza nguvu. Sahani itasomeka hasi yote, safi, ya kupendeza, na ni uongo. Kisima cha seramu yenye kingamwili zinazojulikana kisipoua chembe, msitoe jibu lolote siku hiyo. Kosa hili linatutia hofu kuliko yote, kwa sababu halionekani hadi mgonjwa yuko juu ya meza.

*Sheria inataja orodha ya taifa ya wanaosubiri viungo. Sisi wa Moroto tutafika lini mbele ya watu wa Kampala wenye pesa na madaktari?* (Mwalimu, Moroto)

Mwalimu, figo ya mtoaji aliye hai huenda kwa mtu aliyemtaja. Orodha hufanya kazi kwa figo za marehemu, na hizo hazina mwenyewe. Ndiyo maana kanuni za foleni lazima ziandikwe na kutangazwa kabla ya figo ya kwanza ya marehemu kufika.

Kila kanuni ya kugawa huchagua nani atasubiri zaidi. Marekani, tangu Desemba 2014, mgonjwa hupata pointi 1 kwa kila mwaka wa kusubiri. Mwenye kingamwili dhidi ya asilimia 98 ya watoaji huongezewa pointi 24.4, wa asilimia 99 hupata 50.09, na wa asilimia 100 hupata 202.1. Usione ni nyingi: mtu huyo anaweza kukubaliwa na figo moja katika mamia, na ikipita hiyo huenda asipate nyingine. Uingereza, tangu 2019, huwaweka daraja la kwanza wale walio wagumu zaidi kupatiwa figo inayolingana, pamoja na waliosubiri zaidi ya miaka 7. Kwetu, ambako wanawake wengi wamezaa mara nne na tano, orodha isiyo na kipengele hiki itawaacha kina mama nyuma huku ikidai kwamba inamtendea kila mtu sawasawa.

Jihadharini pia na pointi za kufanana HLA. Marekani ilikuwa ikitoa pointi kwa kufanana alama za HLA-B. Watoaji wengi walikuwa Wazungu, na alama hizo hutofautiana kati ya watu na watu, kwa hiyo wagonjwa Weusi walirukwa. Pointi hizo zilifutwa mwaka 2003. Uganda ina jamii nyingi, na Mkaramoja, Muganda na Mlugbara hawana lazima ya kushiriki alama zilezile. Ikiwa figo nyingi zitatoka hospitali za Kampala na kanuni ikapenda kufanana, Moroto itarukwa bila mtu yeyote kula rushwa. Figo za O nazo ziwekewe wagonjwa wa O kwanza, maana hawana pengine pa kupokea.

Kusubiri kuanze kuhesabiwa lini? Tukihesabu tangu siku ya kujiandikisha, mwenye daktari bingwa jirani atajiandikisha mapema. Tukihesabu tangu dayalisisi ya kwanza ni afadhali, lakini wa Moroto huenda asiifikie mashine kwa muda mrefu. Marekani huhesabu tangu dayalisisi ilipoanza hata kama mtu alichelewa kujiandikisha, na asiye kwenye dayalisisi huanza kuhesabiwa akishaandikishwa na kipimo cha kazi ya figo kiko mililita 20 kwa dakika au chini. Kwetu tungeongeza jambo moja: kipimo hicho kikifanywa hospitali ya mkoa na kuandikwa, tarehe yake ndiyo iwe mwanzo. Marekani kwenyewe, fomula ya kukadiria kazi ya figo, iliyokuwa ikiongeza kiwango kwa watu Weusi, ilifanya figo zao zionekane zina nguvu kuliko zilivyo, wakachelewa kuingia foleni. Tangu Januari 2023 hospitali zilitakiwa kuwarudishia muda wao.

Na kila mara mtu anaporukwa, sababu iandikwe: hakupatikana kwa simu, krosimachi chanya, alikuwa na homa. Daftari hilo lisomwe na watu wasio wa hospitali ile.

Umbali una dawa yake ndogo. Figo kwenye barafu ni vizuri ipandikizwe kabla ya saa 24, na krosimachi hula saa 4 au 5 kati ya hizo. Ikibidi kwanza mgonjwa asafiri kutoka Moroto ili damu yake ichukuliwe, ameshapitwa. Lakini seramu yake ikiwa tayari imehifadhiwa kwenye baridi kali Kampala, krosimachi hufanywa yeye akiwa bado nyumbani amelala, na simu humwamsha jibu likiwa tayari. Kinachotakiwa ni chupa moja nyekundu ya mililita 10 kila mwezi kutoka hospitali ya rufaa ya Moroto, na nyingine wiki 2 baada ya kila kuongezewa damu. Seramu haihitaji chembe hai, kwa hiyo hii, tofauti na ile ya fundi wa Arua, ikitenganishwa na kugandishwa inaweza kusafiri kwenye barafu.